Paa la Mama kwa Kilo za Karafuu

Mwaka 2014 mikarafuu yetu ya Mtambwe, Pemba, ilizaa vizuri, na mama akasema paa la makuti halitavuka masika mengine. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kila baada ya miaka michache tuliezeka upya kwa makuti ya viungo (yaliyoshonwa kwenye vijiti), na kila tukiezeka bei imepanda, kwa kuwa washonaji walikuwa wanazeeka na vijana hawataki kazi ile. Safari hii alitaka bati.

Fundi alikuja, akapima, akatuachia karatasi: mabati, mbao, misumari, ufundi, jiko la nje, dari. Mama akanisomesha mara mbili, kisha akaniagiza daftari. Shilingi hakuzitaka. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, walikuwa wakinunua karafuu ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kilo moja, na bati la futi 10 la unene wa geji 28, mpaka limefika kwetu, lilisimama kwa shilingi 28,000.

"Andika kilo mbili," akasema.

Kila kitu kikaingia daftarini kwa kilo. Naipenda hesabu ile mpaka leo. Kilo moja kavu tuliijua ilikotoka: karibu kilo tatu mbichi, zimechumwa juu ya mti, zimechambuliwa makonyo (vijiti vyake) usiku, zimeanikwa majamvini na kuanuliwa mbio kila wingu lilipotokeza. Mtu akitaja kilo 20 nyumbani kwetu, hakuna aliyezidharau.

Karatasi ya fundi ilitoka kilo 222. Mama akaongeza alivyovisahau: kofia za juu ya paa, waya wa kufungia kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ukutani (bati ni jepesi, upepo wa kusi hulinyanyua), nauli ya jahazi kutoka Tanga hadi bandari ya Wete, gari la kupandishia mzigo, na chakula cha mafundi. Kilo 18 nyingine. Jumla 240. Ghalani, tukishawalipa wachumaji pishi zao, tulibaki na 190.

Hapo ndipo palipokuwa na maneno. Paa la zamani lilikuwa la mapaa mawili na vipaa viwili, yaani pande mbili kubwa na mbili ndogo, na ami alitaka libaki hivyo kwa sababu ndivyo kaka yake alivyolijenga. Fundi alikwisha kupiga hesabu ya mgongo wa tembo, paa la pande mbili tu: safu mbili za mabati 14 kila upande, yaani 56. Kwa pande nne, akaeleza, mabati ya pembeni hukatwa mshazari na vipande vingi hupotea, kwa hiyo yangehitajika 66. Mama hakukimbilia hiyo nafuu ya kilo 20. Aliuliza kwanza zile pembetatu mbili za ukuta zitakazobaki wazi chini ya paa hilo zitazibwa kwa kitu gani. Matofali, saruji na mchanga: kilo 11, na zimo humo humo kwenye karatasi. Basi nafuu ya kweli ni kilo 9. Ami aliinamia daftari muda, akasema, "Haya shemegi, fanya mgongo wa tembo." Najua haikuwa rahisi kwake.

La pili lilikuwa geji. Ami alipendekeza geji 32, bei yake ndogo na pengo lote lingezibika. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba.

"Ami yenu anasema kweli kuhusu fedha," mama alituambia, "lakini bahari ile pale."

Tuliyaona mabati membamba ya mtaani yalivyoliwa na chumvi mpaka jua likapenya. Mimi nipo upande wake bila shaka yoyote: kwa nyumba ya pwani, ukitaka kubana, bana kila kitu kabla ya kugusa geji.

Alibana. Jiko la nje likabaki na makuti yake, kilo 17. Moshi hupita humo vizuri na hufukuza wadudu. Dari ikafutwa, kilo 25. Zikabaki kilo 8 tusizokuwa nazo, na dada aliyeolewa Unguja akatuma fedha zake.

Kaskazi lilipokuwa kavu, kabla ya masika ya 2015, majirani walikuja kuezua. Hakuna aliyelipwa. Mama alipika pilau la kutosha watu wote, na hilo pia lilikuwa limeandikwa.

Bati halikuvuja. Adhuhuri lakini nyumba iliwaka joto, na mama akawa anahamishia jamvi lake jikoni, chini ya makuti. Dari aliitaka sana. Ila mikarafuu ikizaa sana hupumzika, na msimu uliofuata tulipata kidogo mno, kwa hiyo zile kilo 25 zikasubiri daftarini.