Chini ya rangi

Leo tangu asubuhi nimekaa karakanani, Kizota, nikikwangua ubao mmoja tu.

Mzee alianza na vitanda na makabati. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mikutano ikaongezeka, watu wakaja kumuulizia majukwaa. Kisha studio za televisheni: meza ya mtangazaji, ukuta wa nyuma, ngazi za wageni.

Leo tunahama banda. Nilikuwa nabeba mabaki kwenda kutupa, akanishika mkono.

"Huo usiutupe, mwanangu. Ukwangue kwanza."

Plaiwudi ya futi 8 kwa 4. Nikakwangua.

Juu, bluu ya studio ya habari. Chini yake kijani cha kongamano. Halafu rangi ya maziwa, ya harusi ya mtu.
Zote rangi zisizong'aa, maana inayong'aa hurudisha mwanga wa taa kwenye kamera, picha ikaharibika.

Mwisho nikafika kwenye ubao wenyewe.

Penseli. Mwandiko wa mama:

"Futi 12. Upepo. Ongeza kamba."

Lilikuwa jukwaa letu la kwanza la nje, na upepo wa Dodoma mnaujua. Mama alikuwa anapima, mzee anakata. Sasa ni miaka minne hatunaye.

Mzee akapitisha kidole juu ya yale maandishi, herufi moja moja. Hakusema kitu. Nami nikashindwa.

Mafundi mlio humu, nipake nini penseli isifutike?

Na mliofanyia sherehe kwenye majukwaa yetu ya zamani, nani bado ana picha? Naziomba sana.