Takwimu za Waethiopia zisichukuliwe kuwa zetu

Utafiti wa saratani ya matiti ambao nimerudi kuusoma mara nyingi kuliko mwingine wowote ulichapishwa mwaka 2016 na timu ya Dkt. Lisa Newman, daktari wa upasuaji wa Marekani, akishirikiana na wenzake wa Ghana na Ethiopia. Walichunguza saratani ya hasi-tatu, yaani ile ambayo chembe zake hazina vipokezi (sehemu zinazonasa homoni) vya estrojeni wala vya projesteroni, wala hazina kwa wingi kipokezi cha tatu, yaani protini ya HER2 inayochochea chembe kukua. Ni saratani kali, hukua haraka, na kwa kuwa haina vipokezi hivyo, dawa ya kuzuia homoni kama tamoksifeni haisaidii.

Miongoni mwa wagonjwa wa Ghana, asilimia 53 walikuwa na aina hiyo. Wamarekani weusi walikuwa karibu asilimia 30, ilhali Wamarekani weupe na Waethiopia walikuwa takribani asilimia 15. Maelezo yaliyotolewa yanaingia akilini: mababu wengi wa Wamarekani weusi walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi, na vizazi vyao vikachanganyika na Wazungu. Mwaka 2019 watafiti hao walihusisha hatari hiyo pia na badiliko katika jeni ya Duffy, ambalo huwakinga watu dhidi ya vivax, mojawapo ya aina za malaria.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi, kwa sababu wapo wanaoyasoma matokeo hayo na kusema kwamba Afrika Mashariki imesalimika. Ethiopia haiwezi kusimama badala yetu sote. Malaria ya vivax imeenea huko kwa kuwa wengi hawana kinga hiyo ya Duffy, lakini Wabantu wa Kenya na Tanzania, ambao asili yao ya kale ni mipaka ya Nigeria na Kamerun, karibu wote wanayo. Kwa kinasaba, Msukuma anaweza kuwa karibu zaidi na watu wa Afrika Magharibi kuliko na Mwamhara wa Ethiopia, ingawa ramani inatuweka sisi na Waethiopia upande mmoja.

Wala sidai kwamba nasaba pekee inatosha kueleza kila kitu. Wagonjwa wetu wengi ni vijana, na hasi-tatu huwapata vijana zaidi. Tena, kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe kikicheleweshwa kutiwa formalini, dawa ya kukihifadhi, vipokezi huharibika na maabara ikaandika hasi pale palipokuwa na chanya, mgonjwa akakosa dawa ambayo ingemfaa.

Kwa hiyo, ndugu yako akikatwa kinyama, uliza kama kimetiwa formalini mara moja na kama vipokezi vyote vitatu vitapimwa. Majibu yakiandikwa "saratani" tu bila kutaja vipokezi, rudi kwa daktari kwa heshima umwombe kipimo hicho kabla matibabu hayajapangwa, kwa maana kabila la mgonjwa haliwezi kumweleza daktari dawa ipi itafanya kazi.