Mitambo mipya imewashwa, simu haziingii

Jumatano usiku, Uyole

Leo nimefunga kibanda mapema. Ukungu ulishashuka tangu saa kumi na moja na baridi ya huku mnaijua, ila sio baridi iliyonifungisha, ni kwamba menyu ya pesa kwenye simu ilikuwa haifunguki na kukaa pale kuwaambia watu "subiri kidogo" wakati mwenyewe sijui wasubiri mpaka saa ngapi nimeona siwezi tena.

Mi ni wakala wa pesa, nipo pale magari ya Tukuyu na Kasumulu yanapoacha barabara kuu. Tangu kampuni yetu ya simu ianze kubadilisha mitambo kwenye minara ya huku na kutangaza 4G mpya kila kona na 5G mjini, kazi imekuwa ngumu kuliko kipindi chochote nilichofanya uwakala. Kasi imekuja kweli, hilo sibishi. Mdogo wangu yupo chuo, anashusha masomo yake na video za walimu akiwa kitandani, zamani alikuwa anaamka usiku wa manane ndio mtandao unakuwa mwepesi. Vijana wa duka la simu hapo jirani wanapima spidi wanafurahi. Nafurahi nao kabisa, mtoto wa Mbeya naye anastahili intaneti kama ya mwenzake wa Dar.

Ila wateja wangu mimi wengi sio hao. Wateja wangu ni watu wa viazi, watu wa mahindi na parachichi, madereva, mama zetu wanaoshuka na Noah kutoka Ilungu na Isyonje huko, mkononi wana kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe, kimefungwa raba betri isidondoke. Hawa hawajawahi kununua bando la intaneti maishani mwao. Wanachonunua ni kupiga, kupigiwa, na kupokea pesa. Na hivyo vitatu ndio vimeharibika.

Jumatatu alikuja bibi mmoja, namfahamu, anauza viazi kwa mnunuzi wa Dar. Pesa yake imeingia, laki mbili na themanini, anataka kuitoa awalipe vijana waliomvunia na Noah ya kurudia ilikuwa inamsubiri inapiga honi. Nikamwamkia, akakaa kwenye kigoda, nikamsaidia kubonyeza, nyota, reli, namba ya wakala, kiasi, halafu namba ya siri akaweka mwenyewe amegeukia ukutani. Kile kitochi kikaandika inatuma, inatuma, halafu kikarudi kwenye saa. Kimya. Mimi meseji sijapata, yeye hajapata. Nikajaribu kuangalia salio la floti, yaani mtaji wangu wa uwakala, kwenye simu yangu, alama ya 4G ikaruka ikawa E ile ya 2G, ikarudi 4G, likaja lile neno la tatizo la muunganisho. Sasa hapo unafanyaje? Kama pesa imetoka kwake ikaja kwangu na mimi simpi, nimemdhulumu mtu mzima. Kama haijatoka na nikampa, nimejidhulumu mimi na floti yenyewe ina mkopo wa kikoba ndani yake. Bibi akaniangalia akasema, "Mwanangu, kwani imeenda wapi?" Aliuliza kwa upole tu, hakunilaumu, na ndio ikaniuma zaidi.

Dereva akaondoka na wengine. Bibi akabaki. Meseji ziliingia zote mbili kwa pamoja giza limeshaingia, nikampa hela yake akaenda kulala kwa binti yake Igawilo, na wale vijana wa kuvuna kule juu walilala hawajalipwa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza tatu, muziki, wahudumu wote wanahudumia wateja wengine. Alipopatikana dada mmoja (mstarabu, sina ubaya naye) akaniambia nizime simu niiwashe. Dada, mi naifanya hiyo kuanzia asubuhi.

Aliyenielewesha ni kijana wa Mbalizi anayepanda minara, anafanya kwa mkandarasi, huwa anapita kwangu kutoa hela. Akaniambia hivi, mama, ile 4G ilitengenezwa kubeba data. Sauti kupita humo mpaka kuwe na VoLTE, yaani huduma ya kupiga simu ndani ya 4G yenyewe, simu iwe nayo na kampuni iwe imeifungulia hiyo simu. Kama haipo, ukipigiwa simu yako inabidi ishuke kwenye 3G au 2G ndio ikupe maongezi, na menyu ya nyota na reli nayo kwa sehemu kubwa inapitia huko huko chini. Sasa masafa, yaani ile njia ya hewani simu zinapopita, sio kitu unaongeza kama maji kwenye ugali, kampuni ina kiasi ilichopewa, ikitaka 4G iwe nene na haina mengine inamega ya 2G na 3G. Kwenye minara yetu, anasema, ndivyo walivyofanya. Kwahiyo watu wa kitochi wote pamoja na wa simu kubwa zisizo na VoLTE wamebanwa kwenye kijinafasi kilichobaki, jioni watu wakianza kupigiana ndio inakuwa vurugu.

Na milima yetu hii. Masafa ya chini, megahezi 700 au 900, yanafika mbali na yanajitahidi kupenya, ya juu kama 3500 ya 5G yanakufa haraka, kilima kimoja tu kikikaa katikati basi. Kule mjini, Sokomatola na Mwanjelwa, minara imekaribiana. Ukivuka Isyonje unapanda Kitulo, mnara mmoja unahudumia vijiji vingapi, na bonde likiwa nyuma ya kilima lilikuwa linaishi kwa ile 2G ya zamani tu, ukiipunguza hiyo umewazimia wote. Nimekumbuka Oktoba 2022 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walivyopiga mnada masafa mapya tulisikia redioni tukasema haya sasa mambo yatakuwa mazuri. Na Mei 2023 ikasainiwa Dodoma ile mikataba ya minara 758 ya vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Nia ipo, naiona. Ndio maana inaniuma, kwasababu kijiji kilichopata mnara wake kwa shida hivyo hakitakiwi kurudi kupanda kichuguu kutafuta mtandao.

Mnaijua hii barabara yetu ya njia nne, Nsalaga mpaka Ifisi kilomita 29. Vumbi tumekula, foleni tumekaa, lakini walipochimba upande mmoja waliweka mchepuko, gari la mgonjwa linapita, kosta zinapita. Kampuni ya simu imechimba barabara nzima bila mchepuko na bila kibao. Hata meseji ya kusema kesho usiku mnara wa mahali fulani utazimwa hatukupata, tulizopata ni za furahia kasi mpya, halafu lile gari la muziki likaja Kabwe kugawa fulana na kubadilishia watu laini.

Hilo la kubadili laini nalo. Watu waliambiwa mtandao unasumbua kwasababu laini yako ya zamani, njoo tukupe ya 4G na zawadi ya bando. Mtu mwenye kitochi cha 2G ukimpa laini ya 4G inamsaidia nini? Hakuna. Na kuibadilisha lazima namba ya NIDA na alama ya kidole. Baba yetu mmoja mkulima wa Umalila alikaa kwenye ile foleni, kidole gumba kikakataa, cha shahada kikakataa, wakamfuta na kitambaa, wakamwambia asugue na mafuta, vikakataa vyote kumi. Mikono ya jembe miaka yote ile imekuwa laini kabisa kwenye ncha, hamna mistari. Akawa anaviangalia vidole vyake jamani, kama vya mtu mwingine. Akarudi na laini yake ile ile na nauli imeisha.

Kuna mtu ataniambia hama, tangu 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako. Najua. Mdogo wangu kahama. Ila kule Ilungu kwenye baadhi ya vijiji mtandao unaoshika ni huo mmoja, bibi akihama anahamia kwenye simu isiyo na mnara. Na mimi wakala nipo pale walipo wateja wangu.

Nimeshaongea na mawakala wenzangu, hatutaki fidia kubwa wala ugomvi. Tunataka 2G irudishiwe nafasi yake mpaka watu wawe na simu za kuhama nayo, tupewe taarifa kabla ya mnara kuzimwa, na muamala uliokwama utatuliwe siku hiyo hiyo na mtu anayejua Uyole ipo wapi. Malalamiko yanaanzia kwenye kampuni kwanza, wasipojibu ndio unaenda TCRA, na ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini si ipo hapa hapa Mbeya. Barua ya kampuni nimeshaianza.

Kwahiyo kama wewe ni wakala wa Uyole, Igawilo, Nsalaga au njia ya Kiwira na una miamala iliyokwama, usifute meseji. Andika namba ya muamala, saa uliyobonyeza na saa meseji ilipoingia, jina la mteja acha, halihitajiki. Kesho mchana nitakuwa kibandani, menyu ifunguke isifunguke, na Ijumaa hiyo barua naipeleka mjini mwenyewe nigongewe muhuri kwenye nakala.