Mzee wa kwa kinyozi

Nimetoka kunyoa sasa hivi. Vijana walikuwa wanabishana kuhusu timu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards (Ingwe), mzee aliyekuwa kitini akauliza, "Luo Union mnaijua?"

Kimya.

Timu ya soka, mabingwa wa Kenya 1964 na 1975! Kombe la vilabu la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, wakalibeba mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Kisha majina ya kikabila kwa timu yakapigwa marufuku, wakawa Reunion. Miaka ikapita, timu ikafifia hadi ikaisha.

Mzee akasimama, kichwa kimenyolewa nusu, kutuonyesha mchezaji wao Chege Ouma alivyogeuka na mpira. Goti likitetemeka, uso unang'aa.

Inaniuma timu kama hii kusahaulika.

Wenye wazazi waliowaona wakicheza, waulizeni leo. Mtuandikie hapa majina ya wachezaji wanaowakumbuka.