Gobore la babu lilikuwa bado limeshindiliwa

Babu alipofariki huko Wete tuligawana vitu vyake kwa salama. Gobore lake, gumegume la zamani la kuwashwa kwa cheche za jiwe, alilitaka binamu yangu peke yake. Alitaka tulipige Idi Pili, watoto wauone moshi. Baruti ataitoa wapi? Akasema atapasua risasi mbili za shotigani, atumie unga wake.

Nilikataa pale pale. Unga wa risasi za kisasa, ule usio na moshi, una nguvu ambayo mtutu wa gobore haukuundwa kuistahamili. Mtu akiujaza kwa kipimo cha baruti nyeusi, mtutu hupasuka karibu na uso wake.

Siku ya pili akaja na habari ya Pyrodex, unga ambao wapiga bunduki za kale Marekani huutumia badala ya baruti nyeusi. Huo kweli umetengenezwa kwa bunduki za namna hii, lakini unataka moto mkali zaidi ili uwake. Kwenye bunduki ya fataki, ile inayowashwa kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa, unafaa. Kwenye gumegume, cheche za jiwe mara nyingi haziuwashi.

Nikaenda Chake Chake kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa bunduki. Sikumaliza kueleza.

"Mwanangu, hiyo baruti iache kwanza. Mtutu umeupima?"

Sikuwa nimeupima. Akanielekeza, nikarudi Wete. Nikalilaza gobore mkekani, mdomo umeelekea ukutani, watu wote nimewatoa nje. Nikateremsha ufito wa mwanzi taratibu mpaka ukagota, nikautia alama ya kisu mdomoni pa mtutu. Nikautoa, nikaulaza juu ya mtutu kwa nje, alama pale pale mdomoni. Ulitakiwa ufike usawa wa tundu la kuwashia. Ulipungua vidole vinne.

Jasho lilinitoka. Sisi tunahangaika kutafuta baruti, kumbe imo! Na baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Miaka yote ile watoto walikuwa wakilichezea lile gobore uvunguni mwa kitanda.

Sikuligusa tena. Nilifunga mlango, nikaenda kwa sheha, naye akawaita polisi. Walikuja kulichukua wenyewe, na huko ndiko ilikotolewa ile baruti iliyokuwamo. Kibali cha babu hatukukiona, kwa hiyo limebaki kwao. Binamu alinuna wiki nzima. Nilimpa ule ufito autazame. Akaweka vidole vyake vinne kwenye ile nafasi, akanyamaza.