Kalamu, Excel na Ng'ang'a asiyepatikana kwenye sajili

Laha ya mahudhurio imejaa bila #N/A hata moja, ile alama ya Excel kwamba kilichotafutwa hakikupatikana. Lengo la mradi ni hili: katibu wa chama aandike mahudhurio na michango kwa kalamu, moja kwa moja ndani ya Excel kwenye kishikwambi, asirudi nyumbani kunakili daftari. Kuandika hakukuwa tabu. Majina yenye ng' ndiyo yaliyogoma.

Vifaa kwa ufupi: kishikwambi cha Android chenye kalamu ya EMR, ile isiyohitaji betri ili iandike, kibodi yenye sehemu ya mwandiko iliyowekwa Kiswahili, na faili moja ya Excel yenye laha mbili, Sajili (orodha ya wanachama) na Kikao (mahudhurio). Kichupo cha kuchora usikiguse unapojaza seli. Wino wake ni mchoro unaoelea juu ya laha, na hakuna fomula itakayousoma. Data ipitie kibodi ya mwandiko, basi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Fomula hii, inayotafuta jina la seli B2 ndani ya Sajili:

=VLOOKUP(B2,Sajili!$A$2:$D$60,4,FALSE)

inawapata Wanjiku, Otieno na Mutua bila shida, lakini Ng'ang'a, Ng'eno na Wang'ombe wanarudi #N/A. Ukiyaweka majina bega kwa bega hutaona tofauti yoyote, hata ukikuza skrini mpaka herufi zijae kiganja. Usibishane na macho, uliza nambari ya herufi:

=UNICODE(MID(B2,3,1))

Herufi ya tatu ya Ng'ang'a ni ritifaa (kwa Wang'ombe ni ya tano). Upande wa Kikao jibu lilikuwa 39, upande wa Sajili 8217. Yaani ritifaa iliyonyooka na iliyopinda, na kwa Excel hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Chanzo ni kwamba sajili ilichapwa kwanza kwenye Word ndipo ikabandikwa Excel. Word hupinda ritifaa na alama za kunukuu kadiri unavyochapa, mpaka uizime kwenye chaguo za kusahihisha kiotomatiki. Excel haina mtindo huo. Tena kama aliyechapa aliacha nafasi kabla ya ritifaa, Word hudhani nukuu inafunguliwa na kuweka 8216. Kwa hiyo sajili moja yaweza kubeba aina mbili, na ukirekebisha moja tu utaapa kwamba fomula imelogwa.

Upande wa kalamu una vituko vyake. Kibodi ya mwandiko hutambua mwisho wa neno kwa pengo, na ritifaa ni mkwaju mdogo ambao wengi huurudia baada ya kumaliza neno zima. Matokeo yake ni koma, au "Ng' ang'a" lenye nafasi katikati. Ng'ang'a sahihi lina herufi 8, hivyo =LEN(B2), inayohesabu herufi, ikitoa 9 kuna nafasi imejificha, mara nyingi mwishoni, kwa sababu kibodi huongeza nafasi yenyewe baada ya neno. Dawa ya mkononi: weka ritifaa papo hapo baada ya g, juu usawa wa kichwa cha herufi kubwa, fupi, isiguse kitu. Mwandiko wa kuunganisha uache kwa barua za posa.

Kutafuta na kubadilisha kulisaidia mpaka orodha mpya ilipobandikwa. Kilichodumu ni safu msaidizi, inayosafisha jina kwa SUBSTITUTE (hubadilisha herufi) na TRIM (huondoa nafasi za ziada):

=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(8217),CHAR(39)),UNICHAR(8216),CHAR(39)),CHAR(96),CHAR(39)),CHAR(39)&" ",CHAR(39)))

CHAR(39) imetumika makusudi badala ya kuandika ritifaa yenyewe, maana huwezi kuapa kibodi imeingiza ipi. SUBSTITUTE ya nje inafuta nafasi inayofuata ritifaa, na kwa majina haya ni salama kwa kuwa ng' hufuatwa na herufi siku zote. Majina yakitoka kwenye ukurasa wa wavuti, ongeza UNICHAR(160), nafasi ambayo TRIM haiiondoi. Muhimu kuliko yote: safisha laha zote mbili, kisha VLOOKUP isome safu msaidizi za pande zote. Kusafisha upande mmoja ni kazi bure.

Mengine ya njiani. Safu ya simu ifanye Maandishi kabla ya kuandika, la sivyo 07 inabaki 7. Misimbo ya M-Pesa usiiandike kwa kalamu kamwe: ni herufi na tarakimu 10 zisizounda neno, kibodi haina cha kukisia, na O na 0 zitakutesa. Nakili kutoka kwenye SMS.

Kuhusu kalamu: zile za ncha ya mpira zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, zinafaa kubonyeza tu. Skrini haizitofautishi na kidole, hivyo kiganja nacho kinaandika. Kioo cha kulinda chenye ukwaru kama karatasi ni raha kwa mkono lakini kinakula ncha, kwa hiyo nunua ncha za akiba pamoja nacho.

Hatua iliyofuata ilikuwa sahihi za wanachama kwa wino kando ya kila jina. Imewekwa pembeni, kwa sababu katikati ya vita vya ritifaa likaja wazo lililopaswa kutangulia: mbona tuandike majina? Kila mwanachama ana namba. Kalamu inaandika 1 hadi 59 kwenye safu A, VLOOKUP inaleta jina kutoka Sajili, ambayo sasa safu yake ya kwanza ni namba. Saba ipigwe mstari katikati isisomwe 1. Uthibitishaji wa data unakubali namba kamili kati ya 1 na 59 pekee, na umbizo la masharti lenye =COUNTIF($A$2:$A$60,A2)>1 linapaka rangi nyekundu namba iliyojirudia. Safu msaidizi haijafutwa, maana wageni wasio na namba bado huandikwa kwa jina, na kina Ng'eno ni wengi.