Nesi wa Bukavu, mkalimani wa Nsambya

Mwaka wa nane huu niko Kampala na bado nikijaza fomu, nikifika pale pa "kazi" mkono unasita. Bukavu, kwetu Kongo, nilikuwa nesi, A1 kabisa, yaani wa diploma ya chuo, miaka sita wodi ya wazazi. Hapa mimi ni mkalimani wa kliniki, na Jumamosi nauza vitenge.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na hilo si dogo, kuna nchi ukifika unakaa tu kambini unangoja posho. Mimi kinachonikwamisha ni karatasi za kusajiliwa unesi hapa. Diploma iko kwa Kifaransa, itafsiriwe Kiingereza, igongwe muhuri, halafu wanataka alama zitumwe na chuo chenyewe, na mimi nilitoka nyumbani na mtoto mgongoni na mfuko mmoja. Kila karatasi na hela yake, kila hela na boda yake.

2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, mtaani kwetu Nsambya tukashangilia kama tumefunga goli, nikadhani basi mambo yamekwisha. Wee! Makubaliano ya kutambuana vyeti yalianza na wahasibu na wasanifu majengo 2011, mainjinia wakafuata 2012. Sijasikia bado mtu aliyezalishwa na mhasibu.

Wiki jana kaletwa mama wa Kivu, mimba ya miezi nane, anasema kichwa kinamgonga na anaona nyotanyota. Nikatafsiri kama alivyosema, maana mkalimani haongezi lake, ila macho yangu yako kwa miguu, imevimba hadi ndala hazimtoshi, na daktari anaandika panadol. Kifafa cha mimba kinanukia pale! Nikashindwa kunyamaza, nikasema samahani ssebo, presha hamjampima. Wakapima, wakampeleka mbio hospitali kubwa. Yule daktari kijana akanigeukia, "Nyabo, kwani wewe ulisoma nini?"

Jioni landledi wangu akaja kuchagua kitenge huku analia. Binti yake, nesi wa hapa hapa, yuko Uingereza anawaogesha wazee huku anasomea mitihani ya kusajiliwa.

"Mtoto nimemsomesha mimi, leo wanamfanya kama hajui kitu. Hao watu wana roho gani?"

Nikamwambia pole maama, nikampunguzia elfu tano.